Mwenyekiti na Heshima Zake Zote

Nchi ya Subiria haina matatizo. Tatizo likijitokeza huundiwa kamati, likishaundiwa kamati huitwa mchakato, na mchakato, kama kila mtu anavyojua, si tatizo. Ndiyo maana wageni wanaofika huko hushangaa jinsi watu walivyotulia. Mtu akianguka barabarani, wapita njia humfunika kitenge usoni ili azoee, wakakaa kando yake wakizungumzia mvua mpaka gari la wagonjwa lifike. Hawana haraka. Na gari lenyewe halina tabia ya kuwaaibisha.

Katika wilaya ya Kigotoni, hata hivyo, palikuwa na gari moja lililokosa adabu. Lilikuwa likifika mapema. Dereva wake aliitwa Kidasi, jitu la miraba minne lenye sauti ya taratibu, na mhudumu wake aliitwa Mwamvita, mwanamke mwembamba aliyekuwa akitembea kama anayechelewa hata anapokwenda kuoga. Kidasi ndiye aliyempokea Mwamvita alipoanza kazi, akamfundisha kula anapopata nafasi na kulia akishafika nyumbani. Alimwita mdogo wangu. Mwamvita alimwita kaka, na mke wa Kidasi, Bi Mwanaiki, akamwita wifi, na siku za sikukuu alikuwa akila kwao bila kualikwa.

Wahudumu wote wa dharura wa Subiria walikuwa chini ya chama chao cha kitaaluma, yaani Chama Adhimu cha Wahudumu wa Dharura, kwa kifupi CHAWADHA. Wananchi, kwa kuwa hawapendi majina marefu, walikuwa wakiishia kwenye herufi ya tano. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Hamdu Kilemba. Mheshimiwa hakuwahi kumfunga mtu bandeji maishani mwake, lakini sifa za kitaaluma alikuwa nazo: aliwahi kuzimia harusini, akazinduka mwenyewe.

Ikawadia sherehe ya kuadhimisha uongozi wa Mheshimiwa. Magari yote ya wagonjwa ya wilaya yaliamriwa kufika uwanjani, yaoshwe, yavishwe maua, yabandikwe picha ya Mheshimiwa kwenye kioo cha mbele, yapangwe msururu ulionyooka. Ili msururu usije ukavurugika, vijana wa itifaki walipita na kapu wakakusanya funguo. Wagonjwa wa wilaya walitangaziwa redioni wavumilie mpaka alasiri. Kisha Mheshimiwa akapanda jukwaani kutoa hotuba yenye kichwa kisemacho "Kasi Ndiyo Uhai."

Hotuba ilikuwa bado kwenye salamu Kidasi alipoegemea usukani.

"Mdogo wangu," alisema, "mbona mkono huu umekufa ganzi?"

Mwamvita alimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka usoni kama aliyemwagiwa ndoo, na midomo imekuwa rangi ya majivu. Hakuhitaji kuuliza swali la pili. Hospitali ilikuwa nyuma tu ya uwanja. Ukikaza macho uliona mashuka yake yaliyoanikwa uani. Mwamvita akakimbia hadi kwa Katibu Mkuu wa chama, Bwana Fumbwe, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli akitikisa kichwa kwa kila neno la Mheshimiwa.

"Katibu, naomba ufunguo. Dereva wangu anakufa."

"Mheshimiwa yuko kwenye utangulizi," alisema Fumbwe bila kugeuka.

"Moyo unamsimama, Katibu. Hospitali ile pale."

"Dada, hebu fikiri. Gari moja likichomoka, picha itakuwa na pengo."

Mwamvita alirudi mbio, akafungua mlango wa nyuma avute machela. Machela ilikuwa imepambwa maua yaliyoandika jina la Mheshimiwa, na kijana wa itifaki akaikalia. Akawaomba wenzake wa magari ya jirani wambebe Kidasi mikononi. Wenzake walikuwa watu wema, nao waliona haya sana, wakatazama viatu vyao. Basi akamlaza Kidasi kwenye kiti, akamfungua shati, na pumzi zilipoanza kukatika akaanza kumkandamiza kifua. Alikuwa akipiga kelele za kuomba msaada, na kila alipopiga kelele, kijana wa itifaki aliweka kidole mdomoni.

Kabla hajanyamaza kabisa Kidasi alimshika kifundo cha mkono. "Usipige kelele, mdogo wangu," alisema. "Watakufukuza kazi."

Akakata kauli wakati Mheshimiwa akieleza kwamba kuchelewa kidogo tu kunaweza kugharimu maisha ya mwananchi. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Chama hakikumtupa marehemu. Mazishini Mheshimiwa alifika mwenyewe, akasimama kando ya kaburi, akamkabidhi Bi Mwanaiki Cheti cha Utulivu, ambacho hutolewa kwa mtu aliyekumbwa na dhiki hadharani asikatize shughuli. Alimwita Bi Mwanahiba, jina lisilo lake, akampiga-piga begani, akaomba cheti kiinuliwe kidogo kwa ajili ya picha. Bi Mwanaiki alikiinua. Mwamvita alikuwa amesimama nyuma yake akiwa bado hajanawa vumbi la kaburi, akamtazama Mheshimiwa anavyonyoosha tai, na hapo hapo akajua atakachofanya na maisha yake. Hakujua njia. Alijua mtu.

Kesho yake alikwenda ofisi za CHAWADHA.

"Nimekuja kujitolea," alimwambia Fumbwe.

Fumbwe alisogeza kiti nyuma. Tangu chama kianzishwe, hakuna aliyewahi kuingia na maneno hayo. "Nani amekutuma?"

"Moyo wangu, Katibu. Nataka kukitumikia chama."

"Hukuudhika na yale ya uwanjani?"

"Nimejifunza utulivu."

Fumbwe alimkagua kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe. "Una uzoefu?"

"Nimekuwa kwenye gari la wagonjwa tangu nimalize chuo."

"Nakuuliza uzoefu wa chama, dada. Unaweza kupiga makofi juani?"

Hivyo ndivyo Mwamvita alivyoingia Kamati ya Makofi. Watu wasiojua mambo hudhani makofi ni makofi tu. CHAWADHA ilikuwa nayo ya kumpokea mkubwa, ya kumsindikiza, ya kumzindua msikilizaji aliyesinzia, na yale yaliyo magumu kuliko yote, ya kumwokoa msemaji aliyesahau anachotaka kusema. Mwamvita aliyajua yote kwa muda mfupi. Alikuwa wa kwanza kuanza na wa mwisho kuacha. Kila kofi alilipiga kana kwamba katikati ya viganja vyake kuna shavu la mtu. Jioni aliloweka mikono kwenye maji ya chumvi, asubuhi akaenda tena.

Wenzake wa magarini wakaacha kumsalimu. Mmoja alimwita chawa mbele ya watu kwenye foleni ya maandazi. Mwamvita alinunua andazi lake akaondoka. Aliyemuumiza ni Bi Mwanaiki, ambaye siku ya sikukuu hakumwekea sahani.

Mheshimiwa, kwa upande wake, aliuliza yule mwanamke mwenye makofi mazito ni nani. Mwamvita akahamishiwa Kamati ya Itifaki.

Huko alibeba mikoba ya wakubwa, akasubiri. Nafasi yake ilikuja Mheshimiwa alipojikwaa kwenye zulia na kuumia goti. Kijana mmoja wa gari la wagonjwa, mgeni kazini, alimpandisha suruali na kumbonyeza goti kabla hata ya kumwamkia. Mheshimiwa alikaa siku nyingi akilalamika, si kwa goti, bali kwa suruali.

"Nimeshikwa-shikwa kama embe sokoni," alikiambia kikao. "Mimi."

Mwamvita akanyanyua mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kosa si la kijana. Kosa ni letu, hatuna utaratibu. Mgonjwa wa kawaida tunamshika tu, sawa. Lakini mgonjwa mtukufu ashikwe na mtu ambaye hajatambulishwa kwake? Nchi gani hiyo?"

Ukumbi ukanung'unika kwa aibu ya kitaifa.

Aliomba ruhusa ya kuandaa mapendekezo, akaruhusiwa, na kikao kilichofuata akayasoma. Mgonjwa mtukufu akipatwa na dharura, kwanza itasomwa dua. Zitafuata salamu za wageni waalikwa kwa vyeo vyao, kisha wasifu wa mgonjwa utasomwa wote ili mhudumu ajue anamgusa nani. Chama kitatoa neno. Mhudumu naye atatambulishwa, atasema machache, na ndipo aruhusiwe kugusa. Mgonjwa mwenyewe hataweza kuufuta utaratibu huu, kwa kuwa maumivu huweza kumfanya mtu adharau heshima yake. Utafutwa na Kamati Kuu pekee, kwa kauli moja, kila mjumbe akitaja jina lake kwa sauti.

Mheshimiwa Kilemba alivua miwani. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Ndugu zangu," alisema, "mataifa makubwa yamevumbua dawa. Yamevumbua mashine. Lakini ni taifa gani limewahi kuvumbua adabu ya kuugua? Sisi tutakuwa wa kwanza. Watakuja kujifunza hapa. Kifo chenyewe kikifika Subiria kitabisha hodi."

Mwamvita ndiye aliyeanzisha makofi.

Wa kwanza kuonja heshima hizo alikuwa Naibu Mwenyekiti, aliyetumbukia kwenye mtaro akikagua mtaro. Alivunjika mguu. Alilala matopeni wasifu wake ukisomwa tangu shule ya msingi, na alipojaribu kuomba wamvute, alikumbushwa kwamba mgonjwa hana mamlaka. Tangu hapo anatembea kwa upande, kama kaa. Alikishukuru chama kwa maandishi na kwa mdomo, maana kulalamikia heshima uliyopewa kungekuwa dharau.

Mwamvita alikwenda kumwona hospitali, akamtazama ule mguu, na usingizi ukampotea. Naibu hakuwa mtu wake. Alifikiri kuuvunja mpango wote. Kisha akakumbuka kwamba Naibu ndiye aliyewatuma vijana na lile kapu la funguo, akalala.

Ukafika Mkutano Mkuu wa mwaka. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, mafeni yanazunguka juu ya vichwa, Mheshimiwa jukwaani ndani ya suti nyeupe. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu mafanikio, neno mafanikio likamtoka kama ugali. Akarudia. Likatoka vibaya zaidi. Upande mmoja wa mdomo ulishuka, mkono ukaporomoka kutoka mezani na kulala kando ya paja kama kitu kisicho chake. Kamati ya Makofi ilidhani ameingia kwenye lugha ya kigeni, ikashangilia kwa nguvu. Mheshimiwa akaanguka.

Ukumbi mzima haukuwa na mtu aliyehitaji kuambiwa ule ni ugonjwa gani. Walikuwa wahudumu wa dharura watupu. Walijua kwamba damu imeziba kichwani, na kwamba kila wanavyozidi kusimama ndivyo sehemu fulani ya yule mtu inavyozidi kufa. Wakasimama.

Mwamvita alipanda jukwaani. Mikono yake, iliyozoea kazi, ilinyooka yenyewe kuelekea kola ya Mheshimiwa. Akairudisha mgongoni, akaifungamanisha vidole.

"Fanya kitu, dada," alisema Fumbwe.

"Nangoja dua, Katibu."

"Achana na dua. Mshike."

"Sijatambulishwa. Lakini Kamati Kuu ipo hapa yote. Iufute utaratibu, namshika sasa hivi."

Fumbwe akageukia safu ya mbele. "Waheshimiwa, mnasemaje?"

Mjumbe wa kwanza alisafisha koo, akasema yeye anaunga mkono atakachosema mwenzake. Mwenzake akasema jambo hili ni zito, lingefaa mashauriano. Wa tatu aliuliza kama majina yatatajwa kwa sauti, akaambiwa ndiyo, akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri nje. Kila mmoja alikuwa akiwaza kitu kilekile: Mheshimiwa akipona, atauliza nani alimvua heshima zake. Mwisho Fumbwe aliulizwa yeye mwenyewe anasemaje. Akainamisha kichwa.

"Isomwe dua," alisema.

Ikasomwa. Wageni wakasalimiwa, na kwa kuwa ulikuwa Mkutano Mkuu, wageni walikuwa wengi. Ukafuata wasifu, ambao Mheshimiwa aliuandika kwa mkono wake na haukuacha kitu. Alikuwa chali kwenye zulia, jicho moja limefumba, la pili limekaza juu ya uso wa Mwamvita. Alijaribu kusema. Fumbwe aliyesoma wasifu alikuwa akilia, na kila aliporuka ukurasa, mtu fulani kutoka nyuma, kwa uaminifu kabisa, alimkumbusha kwamba ameruka.

Hatimaye Mwamvita akatambulishwa, akapewa nafasi ya kusema machache. Alipiga magoti ili Mheshimiwa amsikie vizuri.

"Mheshimiwa," alisema, "naitwa Mwamvita. Nilikuwa kwenye gari la Kidasi. Unamkumbuka Kidasi? Ulimzika. Alikuwa amelala hivi ulivyolala wewe, ila hakuwa na zulia. Alikuwa anasikia kila kitu, kama unavyosikia. Ulikuwa unasema kasi ndiyo uhai, naye anakusikia. Niliomba ufunguo nikaambiwa picha itakuwa na pengo. Nilikuwa nampiga kifua hivi, kwa mikono hii hii, na nyinyi mnapiga makofi, nikajikuta nafuata mdundo wenu. Alikufa kwa mdundo wenu. Nataka ujue kwamba nakumbuka. Nataka ujue kwamba utaratibu huu niliutunga kwa ajili yako, nikiwa na akili timamu, na nimeushonea mwili wako kama fundi nguo. Ni hayo tu. Nimemaliza."

Ukumbi ukapiga makofi. Ndivyo walivyozoea mtu akisema nimemaliza.

Kisha Mwamvita akamshika. Alimgeuza ubavu, akasafisha kinywa asipaliwe, akampa hewa, akamfunga kwenye machela bila kumkwaruza, akapanda naye garini, na njia nzima hakuondoa vidole kwenye mshipa wake. Mheshimiwa hakuwahi kuhudumiwa vizuri hivyo, na hata wabaya wake Mwamvita wanakiri. Alipomkabidhi kwa madaktari alijipekua ndani akitafuta furaha. Alikuta njaa, njaa kali ya mtu aliyefunga muda mrefu, akaenda kibandani akala sahani mbili za wali maharage.

Tume iliundwa. Ilichunguza, ikabaini kwamba kila hatua ilifuatwa, ikampongeza kila mtu. Maneno ya Mwamvita yaliingizwa kwenye kumbukumbu chini ya kichwa "Salamu za Mhudumu," na hakuna aliyeyasoma. Mheshimiwa hakufa. Akili ilibaki nzima, masikio yalibaki mazima, ila upande wa kulia haukurudi, na maneno yote aliyokuwa nayo yalipotea isipokuwa moja. Alibaki na neno "endelea." Akitaka maji husema endelea. Akichomwa na jua husema endelea. Chama kilifurahi kumwona mwenyekiti anayesikiliza na kutia moyo, kikamchagua wa maisha.

Mwamvita alijiuzulu kwenye kamati akarudi garini. Jumapili moja alikwenda kwa Bi Mwanaiki, akabisha hodi, akakaa kwenye mkeka, akamsimulia yote tangu siku aliyokwenda kujitolea. Bi Mwanaiki alikuwa akichambua mchele. Mwamvita alipomaliza, mama yule alipepeta ungo.

"Anasikia?" aliuliza.

"Anasikia vizuri, wifi. Na anaelewa."

"Anaweza kuinuka akaondoka?"

"Hawezi."

Bi Mwanaiki akaweka ungo chini. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya Mwamvita, ndizi na nyama, akaiweka mbele yake. "Kula," alisema. "Ulikonda."

Baada ya hapo zilipita wiki kadhaa. Mwamvita alikutana sokoni na mke wa Mheshimiwa, mama mpole aliyechoka, ambaye alimshukuru kwa kumwokoa mumewe, kisha akaongeza, "Na yule wifi yako, Mungu amlipe. Wale wa chama hawaji tena. Yeye kila Alhamisi anatuletea uji, ananiambia nikapumzike, anakaa naye hadi jua linapinda. Sijaona mtu mwenye roho kama ile."

Alhamisi iliyofuata Mwamvita alipitia kule. Mheshimiwa alikuwa barazani kwenye kiti chenye mito, bakuli la uji pembeni, usoni pamepanguswa vizuri. Bi Mwanaiki alikuwa amevuta kigoda karibu na sikio lake, anazungumza kwa sauti ya chini bila pupa, kama mtu anayesuka ukili. Alikuwa akieleza jinsi mama mkwe alivyomwogesha mtoto Kidasi kwa majani ya mkunazi, na mtoto alikuwa na shingo ya namna gani.

Mwamvita alisimama ngazini. "Shikamoo wifi. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Ndiyo kwanza ameota meno."

Mheshimiwa alimwona Mwamvita. Lile jicho zima likajaa maji. Alikusanya nguvu zake zote, shingo ikasimama mishipa, mkono wake mzima ukatapatapa hewani kuwafukuza wote wawili, na neno likamtoka likiwa safi kabisa.

"Endelea," alisema.

Bi Mwanaiki akampangusa mate kwa upande wa kanga, akaendelea.